Kinywa cha Chama na Mkono wa Mwenye Mali

Tarehe 5 Novemba 2024, katika jimbo la Missouri, lililo katikati ya Marekani, raia walipewa karatasi ya kura yenye maswali mengi, na majibu yao yaliwastaajabisha watu waliodhani kwamba wanaijua nia ya umma. Zaidi ya kura 58 katika kila 100 zilimwendea Donald Trump. Na siku iyo hiyo, kwa kadiri iliyokaribia kuwa sawa na hiyo, walikubali kima cha chini cha mshahara kipandishwe kifike dola 15 kwa saa, na mfanyakazi apate saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 za kazi. Madai hayo ya mshahara yamebebwa kwa miaka mingi na chama cha Democratic, nacho ndicho kilichoshindwa. Miaka minne kabla yake Florida ilikuwa imetenda vivyo hivyo: ilimpigia Trump kura, kisha ikazikubali dola 15 kwa kura zipatazo 61 katika kila 100.

Aliyeyatafakari mambo hayo hawezi kuridhika na kauli inayosikika baada ya kila uchaguzi, ya kwamba Democratic, ambacho leo kimo katika upinzani, hakijui kusema na watu. Wasemaji kinao, na wasomi hakikukosa. Kwa rai yangu dosari haimo katika ulimi, imo katika hofu iliyoushika ulimi. Kwani chama kinachotaka kumtetea mlipwa mshahara, hali kinamtazamia mlipaji mshahara kwa gharama za kampeni, hulazimika kulipima kila neno kwa mizani mbili, na neno lililopimwa hivyo hutoka kinywani limekwisha kupungua uzito.

Wamarekani waliitambua hatari hii zamani. Baada ya kudhihirika kwamba makampuni makubwa yalikuwa yamemwaga mali katika uchaguzi wa 1904 uliomrudisha Theodore Roosevelt madarakani, Bunge lilipitisha, mwaka 1907, Sheria ya Tillman, iliyoyakataza makampuni kuwachangia wagombea wa taifa. Lakini mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, Mahakama ya Juu ilihukumu kwamba fedha zitumiwazo kueneza rai ni sehemu ya uhuru wa kusema, na kwa hiyo inaruhusiwa kuwekea mipaka kile apewacho mgombea, lakini si kile anachokitumia mtu kwa hiari yake. Tarehe 21 Januari 2010, majaji 5 wakiwashinda wenzao 4, hukumu ya Citizens United ikayapa makampuni na vyama vya wafanyakazi ruhusa ya kutumia kadiri wapendavyo, mradi wasishauriane na mgombea. Jaji John Paul Stevens, aliyekaribia umri wa miaka 90, aliipinga kwa maandishi ya kurasa 90. Democratic wakajaribu mwaka uo huo kupitisha sheria ya kuwalazimisha watoaji wajitaje. Katika Seneti walipata kura 59, na zilizohitajiwa zilikuwa 60.

Wahenga wetu walisema kwamba mkono mtupu haulambwi, na msemo huo hautoshi kueleza yanayotendeka Marekani, maana huko aghalabu mali hainunui maneno, hununua kimya. Mtazame Sherrod Brown wa Democratic, kutoka Ohio, aliyekuwa seneta kwa miaka 18 na mwenyekiti wa kamati ya mabenki, mtu mwenye lugha nyepesi ya wafanyakazi wa viwandani. Aliitilia shaka biashara ya sarafu za kidijitali. Mwaka 2024, kamati zilizofadhiliwa na makampuni ya biashara hiyo zilitumia dola milioni 40 hivi kumwinua mpinzani wake, Bernie Moreno, kwa matangazo ambayo hayakuzitaja sarafu hizo hata kidogo. Brown akashindwa. Mwezi Juni 2025 sheria ya sarafu za aina hiyo ilipofika mbele ya Seneti, maseneta 18 wa Democratic waliungana na wale wa Republican, chama cha Trump, kuipitisha. Sidai kwamba waliuza kura zao, na bila shaka wamo walioiamini kwa dhati. Lakini hapana mmoja kati yao ambaye hakuwa na habari ya yaliyompata Brown.

Mwaka 2017 viongozi wa chama walikwenda mji mdogo wa Berryville, Virginia, kutangaza wito mpya wenye maana ya mapatano yaliyo bora, wakaahidi mishahara mizuri na kuyapiga vita makampuni yaliyohodhi masoko. Maneno yalikuwa mema. Ila mwezi Machi 2021, chama kikiwa kimeshika madaraka, dola 15 kwa saa zilipopigiwa kura katika Seneti, watu 8 wa upande wake wenyewe walizikataa. Mhudumu wa mkahawa aliyeyasikia maneno ya Berryville kisha akayaona matendo ya Washington ana haki ya kuuliza aliyemwahidi ni nani.

Yawezekana kusema pasipo hofu hiyo. Bernie Sanders, alipowania uteuzi wa Democratic kwa urais mwaka 2016, aliendesha kampeni yake kwa michango midogo ya watu wengi, wastani wake dola 27, na hata wasiompenda walijua bila kufasiriwa alikuwa akimtetea nani.

Huko Missouri likizo ya ugonjwa ilianza tarehe 1 Mei 2025. Wenye biashara walilalamikia gharama zake, na bunge la jimbo likawasikiliza wao upesi kuliko lilivyowasikiliza watu zaidi ya milioni moja na nusu waliopiga kura ya ndiyo. Maseneta wachache wa Democratic wa jimbo walisimama wakisema na kusema ili kuuzuia muswada wa kuifuta likizo hiyo, mpaka walio wengi walipowakatiza mjadala. Gavana alitia sahihi mwezi Julai. Tarehe 28 Agosti haki ile ikakoma, na mpishi aliyekuwa akizihesabu saa zake thelathini thelathini kwa muda usiotimia miezi minne akabaki na mshahara uliopanda, na homa isiyo na likizo.