Kucha Hunywa Maji

Kijana mwenye kikapu cha rangi za kucha, kama wale wanaozunguka mitaa ya Dar es Salaam, huanza kazi kwa beseni: maji ya uvuguvugu, sabuni, brashi, jiwe la kusugulia visigino. Visigino hung'aa. Tatizo huanza rangi inapopakwa papo hapo, miguu ikiwa ndiyo kwanza imetoka majini.

Ukucha ni mgumu kama kigae, lakini maji huupenya kwa urahisi kuliko ngozi. Umejengwa kwa keratini, jamii ya protini inayojenga pia nywele na kwato, katika tabaka za seli zilizokufa ambazo kwa pamoja unene wake ni takriban nusu milimita. Ukilowa, maji hujipenyeza ndani yake, ukavimba na kulainika. Rangi basi hukaukia juu ya ukucha uliotanuka. Baadaye maji yanapotoka, ukucha hunywea, lakini rangi hainywei nao. Inaachia, na magamba yanaanza kubanduka nchani kabla bibi harusi hajatoka ukumbini. Wateja hulaumu rangi. Mimi nalilaumu beseni.

Basi oga mapema, ukauke kabisa. Beseni lina faida moja: hulainisha ile ngozi nyembamba iliyolalia shina la ukucha, ukaweza kuisukuma nyuma taratibu. Usiikate, hata fundi akikuhimiza. Ngozi hiyo ni kizibo, na ikikatwa bakteria na fangasi hupata mlango.

Kisha futa kila ukucha kwa pamba yenye asetoni kidogo, maana rangi haishiki juu ya mafuta ya losheni. Kidogo tu, asetoni nyingi hukausha ukucha ukawa mkavu na dhaifu. Tanguliza tabaka moja lisilo na rangi, hasa chini ya nyekundu iliyokoza, ambayo hupenda kuacha umanjano. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo doa lililozama huweza kukaa miezi mingi.

Hina ya pwani hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kiini chake, losoni, hushikamana na keratini yenyewe bila kuweka utando juu yake. Ndiyo maana maji ya udhu hayazuiliki, na hakuna cha kubanduka. Ukucha hukua tu, weupe ukichomoza shinani, na wekundu ukisogea polepole kuelekea mkasi.