Walter Röhrl na hesabu ya ubingwa wa 1982

Asiyeifahamu rali hudhani kwamba mshindi ni yule anayekanyaga mafuta kuliko wenzake. Mimi huwaelekeza watu wa namna hiyo kwenye msimu wa 1982. Mwaka ule Audi walikuwa na Quattro, gari lenye tabo na linalosukumwa na magurudumu yote manne. Mjerumani Walter Röhrl alikuwa Opel, na gari lake, Ascona 400, halikuwa na tabo wala halikusukumwa na magurudumu ya mbele. Kwenye theluji, matope na kokoto, Quattro lilikuwa na nguvu ya kushika barabara ambayo Ascona lisingeweza kuifikia. Hata hivyo, ubingwa wa dunia wa madereva ulikwenda kwa Röhrl.

Alizaliwa Regensburg, kusini mwa Ujerumani, mwaka 1947. Kabla ya kuishi kwa usukani alifanya kazi katika ofisi za jimbo la Kanisa Katoliki la mji huo, na alikuwa pia mwalimu wa kuteleza kwenye theluji. Kazi hiyo ya pili ina uzito wake: mtelezaji hujifunza kuuhamisha uzito wa mwili kabla kona haijafika, na dereva wa rali hufanya vivyo hivyo na gari. Akigusa breki kidogo, uzito unakwenda mbele, matairi ya mbele yanashika, na gari linakubali kugeuka. Röhrl aliyafanya hayo bila fujo. Wengine waliwapendeza watazamaji kwa kulitelezesha gari ubavu-ubavu. Yeye aliona kila mteleko wa ziada ni sekunde iliyopotea na tairi lililoliwa bure.

Silaha yake nyingine ilikuwa kumbukumbu. Katika Rali ya Ureno ya 1980, akiwa na Fiat 131 Abarth, hatua ya Arganil, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 40, ilifunikwa na ukungu mzito. Mwelekezi wake, Christian Geistdörfer, alimsomea maelezo ya kona kama kawaida, lakini maelezo hayo hayakutosha kwa mtu asiyeona ukingo wa barabara. Kwa simulizi la Röhrl mwenyewe, usiku wa kuamkia hatua ile aliirudia njia nzima kichwani, kona baada ya kona. Aliwaacha wapinzani kwa zaidi ya dakika nne, katika mchezo ambao hatua nyingi huamuliwa kwa sekunde. Mwaka huo akatwaa ubingwa wake wa kwanza.

Sasa turudi 1982, maana hesabu yake ni tamu. Mshindi wa rali alipata alama 20, wa pili 15, wa tatu 12, wa nne 10, na kuendelea kushuka, na kila dereva alihesabiwa matokeo yake saba bora tu. Mpinzani mkuu alikuwa Mfaransa Michèle Mouton wa Audi, aliyeshinda Ureno, Ugiriki na Brazil. Röhrl alishinda mara mbili tu, Monte Carlo na Ivory Coast. Lakini aliposhindwa kuwa wa kwanza, mara nyingi alikuwa wa pili au wa tatu, ilhali Mouton hakufika mwisho katika rali kadhaa.

Mojawapo ya nafasi hizo za pili aliipata Kenya. Safari Rally ya Pasaka ile ilifanyika kwenye barabara zilizo wazi kwa malori, mabasi na mifugo, kwa maelfu ya kilomita. Aliyemshinda ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyekuwa na Datsun Violet na akapata ushindi wake wa tano wa Safari, wa nne mfululizo. Kumaliza nyuma ya Mehta, kwenye barabara ambazo Mehta alizijua kama kiganja chake, si jambo dogo.

Kabla ya Ivory Coast, Röhrl alikuwa na alama 101, Mouton 82. Mouton alianza rali hiyo akiwa amepokea habari za kifo cha baba yake, akaongoza kwa muda mrefu, kisha giaboksi likamsumbua na baadaye akatoka barabarani. Laiti Mouton angeshinda na Röhrl akawa wa pili, basi pamoja na nafasi ya pili ambayo Mouton aliipata baadaye Uingereza, na kwa kuhesabu saba bora tu, angefikisha 113 dhidi ya 104 za Röhrl. Badala yake ilikuwa 109 za Röhrl kwa 97 za Mouton. Naamini Mouton alikuwa na kasi kubwa zaidi msimu ule, na pia naamini ubingwa ulikwenda mahali pake, kwa sababu kanuni zilimlipa anayefika.

Atakayesema Röhrl alikuwa mtu wa kubahatisha alama tu aiangalie Monte Carlo. Aliishinda mara nne, kila mara na kampuni tofauti: Fiat 1980, Opel 1982, Lancia 1983 na Audi 1984. Mwaka 1987, akiwa na Audi, aliupanda mlima wa Pikes Peak, Marekani, kwa dakika 10 na sekunde 47.85, wa kwanza kushuka chini ya dakika 11.

Safari Rally ikija tena Naivasha, usiangalie tu nani ameshinda hatua ya asubuhi. Angalia nani amerudi jioni na matairi mazima.