Kahawa ya Espreso Nyumbani: Tununue Nini?

Kabla hatujawaambia wasomaji wetu kitu gani chafaa kununuliwa, ni haki tuungame kwanza kosa letu sisi wenyewe. Tulikuwa tumeweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya kubadilisha mabati ya jikoni. Siku moja tukaona katika duka la mjini mashine ya espreso, inang'aa kama kinanda kipya cha kanisani, na mbele yake imeandikwa kwa herufi kubwa: bari 15. Tukayasahau mabati. Jioni ile tukaifungua mbele ya watoto, tukatia unga wa kahawa tulionunua katika pakiti, tukabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma, ikatetemeka juu ya meza, na baada ya sekunde nane kikombe kikajaa maji meusi, machachu, yasiyo na povu. Tukajaribu tena, tukishindilia unga kwa nguvu zaidi. Ikawa vile vile. Juma lililofuata mvua ikanyesha, nasi tukaweka sufuria chini ya tundu la bati, kila mtu kimya.

Mashine ile haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni kinu.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa tujue espreso ni kitu gani. Jina ni la Kiitalia, na kahawa yenyewe ilianza huko. Mjini Torino, Angelo Moriondo alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1884 kwa mashine ya mvuke ya kupika kahawa kwa haraka. Luigi Bezzera wa Milano akafuata mwaka 1901 na mashine iliyopika kikombe kimoja kimoja mbele ya mnunuzi. Lakini mashine hizo zilisukumwa na mvuke peke yake, na mvuke hauna nguvu nyingi: bari moja na nusu hivi. Tena ulikuwa moto mno, hata kahawa ikaungua. Ndipo Achille Gaggia, mwenye baa mjini Milano, alipoomba hati yake mwaka 1938, na baada ya vita akatengeneza mashine yenye wenzo na springi. Mhudumu alivuta wenzo chini, springi ikarudi, nayo ikayasukuma maji kwa nguvu ya bari 8 au 9. Kwa mara ya kwanza watu wakaona juu ya kikombe lile povu zito la rangi ya hudhurungi ambalo leo kila mtu hulitazama kwanza. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine iitwayo E61, ambayo pampu ya umeme ilishika mahali pa mkono wa mtu.

Wanafunzi watapenda kufanya hesabu. Bari 9 ni uzito wa maji yenye kina cha mita 90 hivi. Chujio la mashine nyingi lina upana wa milimita 58, na ukipiga hesabu ya uso wake utaona kwamba unga ule mdogo hubeba kama kilo 240, yaani mifuko minne ya kahawa ya kilo 60, mmoja juu ya mwingine.

Basi, nguvu hiyo yatoka wapi? Wengi hudhani yatoka kwenye pampu tu. Sivyo. Pampu husukuma, lakini bari huzaliwa pale maji yanapozuiwa. Ukifungua bomba bila kuziba mdomo wake kwa kidole, maji humwagika ovyo. Ukiliziba nusu, yaruka mbali. Katika mashine ya espreso, kidole hicho ni unga wa kahawa. Unga ukiwa na chembe kubwa, maji yapita mbio, na hata mashine iliyoandikwa bari 15 haifikishi 3. Na zile 15 zenyewe si sifa ya kikombe: ni upeo wa pampu ndogo ya umeme, nayo espreso yahitaji 9 tu.

Ndiyo sababu twasema: mwenye fedha kidogo anunue kwanza kinu, kisha mashine kwa kitakachobaki. Kinu tunachokisema si kile cha mti na mchi. Hicho kina heshima yake, na kwa kahawa ya kuchemsha sufuriani chafaa kabisa. Lakini huacha chembe kubwa pamoja na vumbi, na maji hupita penye chembe na kukwama penye vumbi. Ndivyo ilivyo pia na vile vyombo vidogo vya umeme vyenye visu viwili vinavyozunguka kama feni: havisagi, vinakatakata. Kinu cha espreso kina meno mawili ya chuma, moja limetulia na jingine lazunguka, na katikati yao pana nafasi ambayo mtu aweza kuipunguza au kuiongeza kwa hatua ndogo sana. Ulizeni habari za hatua hizo kabla ya kulipa. Kuna vinu vizuri ambavyo kila hatua yake ni kubwa mno: ukiwa hapa maji yapita kwa sekunde 18, ukisogeza mara moja tu yanakwama kabisa. Hivyo ni vya kahawa ya chujio la karatasi, si vya espreso.

Kinu cha umeme kinachofaa ni ghali. Lakini kinu cha mkono chenye meno mazuri ya chuma cha pua hupatikana mara nyingi kwa dola 100 hadi 200, nacho chasaga vizuri kama cha umeme cha bei mara mbili. Kazi yake ni kuzungusha mkono kwa dakika moja hivi. Katika nyumba yetu kazi hiyo hugombaniwa na watoto, jambo ambalo hatukulitazamia.

Mtu akiwa na kinu, kinachofuata ni kuchagua kitu cha kuyasukuma maji. Hapa kila jamaa iangalie kwanza umeme wake. Mashine ya umeme hula wati 1000 hadi 1500 wakati wa kupasha maji. Jenereta ndogo huweza kulemewa, na umeme wa jua uliowekwa kwa ajili ya taa na simu hauwezi kitu. Tena pindueni mashine, msome kibandiko kilicho chini yake: kwetu Kongo umeme ni volti 220, na mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani yaweza kuwa ya volti 120. Ukiichomeka hivi hivi, itaungua mara ile ile, pamoja na furaha ya aliyeileta.

Ukiwa na umeme wa kutegemea, jihadhari na kitu kingine. Mashine nyingi za bei nafuu huuzwa na chujio lenye kuta mbili, ambalo ukuta wa chini una tundu moja tu, dogo kama la sindano. Tundu hilo ndilo lizuialo maji badala ya unga, nalo hutoa povu hata kwa kahawa iliyolala dukani mwaka mzima. Kwa asiye na kinu ni msaada; walakini povu lile ni la kudanganya macho, ladha haimo. Muulizeni muuzaji kama chujio la kawaida, lenye ukuta mmoja na matundu mengi, lapatikana kwa mashine hiyo. Kama halipatikani, iacheni. Ulizeni pia habari za mpira wa duara unaozuia maji yasivuje pembeni, kwa sababu mpira huo hukauka na kupasuka baada ya muda, na mashine ambayo mpira wake haupatikani itakuwa pambo la kabati.

Kwa nyumba ambazo umeme hukatika, sisi twapendelea mashine ya wenzo wa mkono isiyo na waya wowote. Siku hizi ziko za namna kadhaa, kama Flair au Cafelat Robot. Maji huchemshwa motoni katika birika, yamiminwa juu ya unga, kisha mtu hushusha wenzo kwa mikono yake. Nguvu ni bari zile zile. Springi ya Gaggia imekuwa misuli yako. Hakuna pampu ya kufa wala waya wa kuungua. Kasoro yake ni kwamba haina mvuke wa kuchemsha maziwa, na ukiwa na wageni sita utatoka jasho.

Katika habari ya maji ya birika, nchi yenyewe yatusaidia kwa jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Espreso yataka maji ya joto la digrii 90 hadi 96. Penye usawa wa bahari maji huchemka kwa digrii 100, ndiyo maana Wazungu huambiwa wangoje kidogo kabla ya kumimina. Lakini sisi tukaao kando ya Ziwa Kivu tu katika urefu wa mita 1460 na zaidi, na huku maji huchemka kwa digrii 95 hivi. Basi, msingoje. Mimineni mara yakichemka, maana chuma baridi cha mashine kitakunywa digrii kadhaa. Afadhali hata kukipasha kwanza kwa maji ya moto. Wa Kisangani, walio chini zaidi, wangoje kidogo tu.

Na yule asiyeweza kununua mashine wala wenzo? Yuko rafiki wa zamani, birika la moka la Alfonso Bialetti, lililotoka Italia mwaka 1933. Maji yakaa chini, unga katikati, kahawa yapanda juu kwa nguvu ya mvuke. Laweza kukaa juu ya makaa au jiko la gesi. Hatutasema kwamba ni espreso, maana bari zake hazifiki 2. Lakini kahawa yake ni nzito na nzuri, na ukitia unga uliosagwa nyumbani saa ile ile, utaishinda mashine yetu ya kwanza pamoja na ngurumo zake zote. Msishindilie unga wake, na ondoeni birika motoni mara likianza kukoroma.

Ongezeni mizani ndogo inayopima sehemu ya kumi ya gramu. Gramu 18 za unga zitoe gramu 36 hivi za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Kikitoka mbio na kuwa kichachu, saga laini zaidi. Kikichelewa na kuwa kichungu, saga kwa chembe kubwa kidogo. Badilisha kinu peke yake na mengine uyaache, ama hutajua kamwe kosa liko wapi.

Kuhusu kahawa yenyewe hatuna haja ya kwenda mbali. Arabika ya milima ya Kivu ina harufu na uchachu mtamu. Robusta nayo ni mti wa misitu yetu: mwanzoni mwa karne ya 20 miche kutoka Kongo ilipitia bustani ya Linden mjini Brussels, ambayo ndiyo iliyoieneza kwa jina hilo, ikapelekwa hata Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeiharibu arabika. Hata leo Waitalia wengi huchanganya robusta kidogo ili povu liwe zito. Lakini kahawa yoyote iliyokaangwa zaidi ya mwezi mmoja imekwisha kuchoka, na wenzo hauwezi kuiamsha. Jamaa inayolima kahawa yaweza kukaanga kidogo kidogo katika kikaango, ikikoroga bila kuacha, kisha iiache ipumue juma moja kabla ya kuisaga.

Mashine yetu ya kwanza tuliiuza kwa hasara. Kwa fedha ile na nyongeza kidogo tukapata kinu cha mkono na wenzo, na mabati yalibadilishwa mwaka uliofuata. Dominika moja, baada ya Misa, tulimkaribisha mzee jirani yetu, ambaye amelima kahawa tangu ujana wake na kuiuza yote ikiwa na ganda lake. Tulikuwa tumekaanga kahawa ya shamba lake mwenyewe, gramu chache alizotupatia. Mjukuu wake akasaga, sisi tukashusha wenzo. Mzee akalitazama povu kwa muda mrefu, akanusa, akanywa kidogo. Akauliza mara mbili kama kweli ni ile ya kwake. Kisha akaomba sukari, vijiko vitatu.