Nambari Changamano na Balaa la Jina

Msomaji ataniuliza, mwanaisimu anatafuta nini katika shamba la wanahisabati? Niliingizwa humo na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeniletea karatasi yake ofisini, uso umemkunjamana. Alitakiwa atafute mraba wa (3 + 2i), naye akaandika 9 + 4i², akarahisisha, akapata 5. Msahihishaji alikata kwa wino mwekundu, asiongeze neno. "Nimekosea wapi, Mwalimu?"

Kosa hilo ni kongwe. Kutafuta mraba wa kitu ni kukizidisha kwa chenyewe, kikiwa kizima. Mabano mawili yakikutana, kila kilichomo katika la kwanza sharti kikutanishwe na kila kilichomo katika la pili: 3 mara 3 ni 9, 3 mara 2i ni 6i, 2i mara 3 ni 6i nyingine, 2i mara 2i ni 4i². Na kwa kuwa i ikizidishwa kwa yenyewe huzaa −1, hiyo 4i² ni −4. Jibu, basi, ni 5 + 12i. Kijana wetu aliipata 5 barabara, ila 12i akaitupa jaani.

Kwa nini? Alikiri kwamba sehemu yenye i aliiona kuwa "si ya kweli", hivyo haikumshughulisha. Hapo ndipo isimu inapoingia. Mwaka 1637 Descartes aliziita nambari za namna hii za kuwazia tu, na jina likaganda, ingawa Bombelli wa Italia alikwisha kueleza kanuni za kuzizidisha katika kitabu chake cha 1572. Mwaka 1831 Gauss alilalamika kwamba kiza kilichozigubika kilitokana na majina mabaya. Laiti 1, −1 na kipeuo cha pili cha −1 zingeitwa nyoofu, kinyume na kando, kiza hicho kisingalikuwapo.

Hata hilo jina la Kiingereza tunalolisikia kama "ngumu", asili yake katika Kilatini ni kusukwa pamoja. Kiswahili kimetutendea hisani kubwa zaidi: changamano ni iliyochangamana, na vilivyochangamana haviwezi kupigiwa mraba kila kimoja kivyake.

Nilimpa (1 + i) ajaribu tena. Akaandika taratibu: 1 + 2i − 1. Akarahisisha, akabaki na 2i, akaikodolea macho.

"Mwalimu, safari hii iliyotoweka ni ile ya kweli!"