Jiwe Lisilofika

Mchungaji mmoja wa upande wa Mushaki, Masisi, alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake ng'ombe wakisikika wakilia. Aliteleza kwenye mteremko wenye tope, bidoni ya maziwa mgongoni, akaangukia bega la kulia. Hiyo ni miezi mingi iliyopita. "Mama, mukono imepona, bidoni nabeba," anasema, "lakini jiwe haifike tena." Zamani ng'ombe akisogelea shamba la watu, jiwe moja lilitua mbele ya pua yake na yeye akageuka. Siku hizi jiwe linaanguka nusu ya njia, ng'ombe anaendelea kula maharagwe ya jirani. Nguvu zimerudi, masafa hayajarudi. Kwa nini?

Swali hilo ni la Julius Yego pia. Hadithi ya Mkenya aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama YouTube mmeisikia, siirudii. Beijing, mwaka 2015, alirusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia na kuweka rekodi ya Afrika. Rio 2016 alipata fedha kwa mita 88.24, na katika fainali hiyohiyo akaumia mguu. Kwenye Olimpiki ya Tokyo hata fainali hakufika. Wengi walimwona amekwisha. Paris 2024, akiwa na miaka 35, alirusha mita 87.72 na kushika nafasi ya tano. Miaka minane yote hiyo watu walikuwa wakiutazama mkono wake.

Majina ya mifupa na misuli nayaacha vitabuni yaliko. Cha kujua ni kwamba misuli ya bega peke yake haiwezi kurusha hivyo. Mkono wa mrushaji hodari wa besiboli huzunguka kwenye bega kwa kasi inayofikia nyuzi 9,000 kwa sekunde. Kama ungeweza kuendelea, ungemaliza mizunguko 25 ndani ya sekunde moja. Hakuna msuli unaojikunja upesi kiasi hicho. Kasi hiyo inatoka wapi basi?

Inatoka kwenye manati. Kila aliyekulia kijijini ameshika moja: panda la mti, mipira miwili iliyokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli, kipande cha ngozi cha kulalia jiwe. Tumezoea kulishika panda lisitikisike, tukavuta jiwe nyuma. Sasa geuza mambo. Shika jiwe pale lilipo, halafu sukuma panda mbele. Mpira umenyooka vilevile, sivyo? Ndivyo mwili unavyofanya. Mguu wa mbele unakanyaga, nyonga zinageuka, kifua kinafuata, bega linachomoka kwenda mbele. Kigasha na jiwe, kwa uzito wao, vinachelewa. Vinabaki nyuma ya kichwa, kiganja kikitazama angani, na kule kuchelewa ndiko kunakovuta mpira. Mpira wenyewe ni kano na nyama zilizokingama mbele ya bega. Zikifika mwisho wa kunyooka, zinarudi kwa mpigo na jiwe linaondoka.

Uzuri wa manati ni kwamba unavuta polepole, unalipwa kwa mara moja. Ni likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu: paja linatoa chake, kiuno chake, kifua chake, halafu siku moja bega linabeba chungu chote. Mwaka 2013 Neil Roach na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hesabu kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya kuuzungusha mkono inatoka kwenye akiba hiyo. Waliopimwa walikuwa warushaji 20 wa besiboli, ambao si wengi, lakini tuendelee.

Tukishuka kutoka vilima vya Masisi kuingia misitu ya Walikale, tunamkuta sokwe. Kwa nguvu za mikono hatumwezi. Lakini sokwe dume akirusha kitu, kasi yake haizidi sana kilomita 32 kwa saa, na mtoto wa miaka 12 aliyefunzwa besiboli humzidi mara tatu. Bega la sokwe linaelekea juu, limeumbwa kwa kuning'inia matawini, na kiuno chake kifupi hakigeuki huku kifua kikisubiri. Mpira anao, panda hana. Letu linatazama pembeni, na kwa mujibu wa akina Roach vipande vyote vya manati hii vilikutana katika mwili mmoja miaka milioni 2 hivi iliyopita.

Hapa neno "kano" linaanza kunikera. Tunalibebesha vitu viwili: ule uzi mweupe unaoshika msuli na mfupa, unaokusumbua meno ukila mguu wa ng'ombe, na ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa ndani ya kiungo. Kwa huu wa pili nilijaribu "kiunga", kutokana na kuunga, nikakumbuka viunga vya mji. Msomaji angedhani nampeleka nje ya Goma. "Ligamenti" ipo, ila kila nikiitamka namwona daktari akitazama saa yake. Basi nitasema kano vuta na kano funga. Ya kwanza msuli huitumia kuvuta, ya pili hufunga kiungo kisiachane. Asiyependa alete zake.

Mwaka 1974 kano funga ya kiwiko cha kushoto cha Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, ilikatika. Daktari Frank Jobe alichukua kano vuta kutoka kigasha cha kulia cha mtu huyohuyo, akatoboa mifupa ya kiwiko, akaipitisha kama kamba ya kiatu. Alimwambia nafasi ya kurudi uwanjani ni 1 kwa 100. John hakucheza mwaka 1975. Alirudi 1976, akarusha hadi 1989, na mechi alizoshinda baada ya upasuaji ni 164 dhidi ya 124 za kabla. (Gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kunja kiganja kukuelekea. Uzi unaochomoza katikati ya kifundo cha mkono ndio aliouchukua Jobe. Wengine hawana, wala hawapungukiwi.)

Sasa tazama kilichotokea ndani ya kile kiwiko. Kano vuta iliyopandikizwa kwanza hufa. Seli zake hutoweka, zikabaki nyuzi tupu. Kisha damu inaingia, seli mpya zinahamia, zinakula nyuzi za zamani na kusuka nyingine kufuata mvuto wa mahali papya. Baada ya mwaka na ushei, kano vuta imekuwa kama kano funga. Mnaona sasa kwa nini nilihangaika na majina? Na katikati ya safari hiyo, maumivu yameisha na mrushaji anajiona mzima, uzi unakuwa dhaifu kuliko siku uliposhonwa.

Kwa Tommy John, basi, kilichokatika ni kano funga ya kiwiko, si mpira wa begani. Yego aliumia kwenye kile kinachosukuma panda, yaani mguu. Mrusha mkuki anakuja mbio, mguu wa mbele unakita chini, mwili unasimama ghafla na kasi yote inapanda juu hadi begani. Goti likilegea kidogo tu, kwa maumivu au kwa kumbukumbu ya maumivu, likelemba linakosa mchangaji mkubwa kuliko wote. Bega zima haliwezi kugawa ambacho halikupokea.

Mchungaji wangu je? Nilimwambia asimame mgongo ukutani, kiwiko kwenye kimo cha bega na kimekunjwa, kisha alaze kigasha nyuma bila kukunja mgongo. Bega lililofungwa kitambaa wiki nyingi hukakamaa, na mpira usiovutwa hadi mwisho hauna cha kurudisha. Kubeba bidoni hakuhitaji mpira huo hata kidogo, ndiyo maana anabeba.

Alinitumia picha. Mkono wa kushoto umegusa mbao za ukuta. Wa kulia umesimama shubiri nzima mbele yake. Tangu hapo kila asubuhi analala chali na kuusukuma taratibu kwa fimbo. Kwa sasa mdogo wake ndiye anayerusha, yeye anaonyesha tu ng'ombe yupi.