Nani Humfasiria Mtoto Filamu?

Jumamosi asubuhi, kabla jua la pwani halijawa kali, waumini wa jumuiya moja katika kata ya Magomeni, mjini Bagamoyo, walikuwa wamemaliza sala. Mama mmoja akabaki na shauri lake. Mwanawe wa miaka 14 alikuwa akipitia kibanda umiza kila atokapo shule, na usiku akiendeleza mapigano hayohayo katika michezo ya simu. Wiki hiyo alimkaba shingo mdogo wake wa miaka saba, kama alivyoona mpiganaji akifanya, hadi mtoto akalegea. Alipoachiwa alizinduka akikohoa. Baba aliporudi alimchapa yule mkubwa fimbo nyingi, na shauri likahesabiwa kuwa limekwisha. Mama hakuona kuwa limekwisha. Akawauliza wenzake: je, mzazi Mkristo auze runinga, avunje simu, au aombe tu?

Swali hilo ni zito, nalo huulizwa pia na jirani yake Mwislamu. Katika barabara ya pwani itokayo Bunju, kupita Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo, burudani ya mapigano haikosekani. Bodi ya Filamu Tanzania hupanga filamu kwa madaraja ya umri, lakini daraja hilo halimfuati mtoto hadi kwenye benchi la kibanda wala kwenye simu aliyoazimwa.

Vibanda hivi vina jambo moja linalostahili kutazamwa kwa makini. Filamu za kigeni zilipoingia kwa wingi, walitokea wafasiri waliozisimulia kwa Kiswahili. Mmoja wa mashuhuri jijini Dar es Salaam alikuwa Derek Mukandala, aliyefahamika kwa jina la Lufufu. Mfasiri wa namna hii hageuzi maneno tu. Yeye huongeza mzaha, humpa jina mhusika, humsifu huyu na kumbeza yule. Mtazamaji mchanga huyapokea mapigano yakiwa yamekwisha kupewa maana na mtu mzima. Hivyo basi, swali la kwanza kwa mzazi si mtoto ametazama nini tu, bali ni nani aliyemfasiria alichokitazama.

Sayansi inaunga mkono swali hilo. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walionyesha kwamba watoto wadogo waliomwona mtu mzima akipiga mwanasesere waliiga mapigo yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965, Bandura aliwaonyesha watoto filamu ya mpigaji huyo ikiwa na miisho mitatu: katika mmoja alisifiwa, katika mwingine aliadhibiwa, na katika wa tatu hakuna aliyesema neno. Waliomwona akiadhibiwa waliiga kwa kiasi kidogo zaidi. Wale ambao hawakuona matokeo yoyote waliiga karibu sawa na walioona sifa. Kwa mtoto, ukimya wa wakubwa ulikuwa kama ruhusa. Hata hivyo, watoto walipoahidiwa zawadi, makundi yote yalionyesha kwamba yalikuwa yamejifunza mapigo yale.

Matokeo hayo yasichukuliwe kupita kiasi. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilieleza kwamba kuna uhusiano mdogo, lakini wa kuaminika, kati ya michezo ya video yenye ukatili na matendo ya uchokozi kama kusukumana na kufokeana. Kilisisitiza pia kwamba ushahidi hautoshi kuihusisha michezo hiyo na uhalifu wa kikatili. Kijana anayependa filamu za mapigano si mhalifu mtarajiwa, na haifai kumwambia hivyo.

Mzazi Mkristo anapojiuliza kama ni dhambi mtoto kuona damu katika hadithi, na akumbuke kwamba Biblia yenyewe haifichi damu. Kaini anamuua Habili katika kurasa za mwanzo kabisa, na kiini cha Injili ni mtu aliyeteswa hadharani hadi kufa. Tofauti ni kwamba pale aliyeuawa hasahauliki. Muuaji huulizwa alipo ndugu yake, na mama wa msulubiwa amesimama chini ya msalaba. Mjini Bagamoyo, karibu na ufuko, kuna alama ya mahali ambapo wakoloni wa Kijerumani waliwanyonga Waafrika waliopinga utawala wao. Wanafunzi hupelekwa kupaona, na hakuna mzazi anayehofia kwamba watarudi wakiwa wanyongaji. Pale mwenyeji huwasimulia kwa upande wa waliokufa. Katika filamu nyingi za mapigano, anayeanguka hana jina, hana maumivu yanayodumu, wala hana anayemlilia. Hilo ndilo pengo ambalo mzazi anapaswa kulijaza.

Lakini mzazi hawezi kulijaza akiwa na fimbo mkononi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 kwa ushirikiano wa UNICEF, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ulibaini kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana nchini walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa waliowatendea hivyo walikuwa ndugu na walimu. Mtoto huyo wa Magomeni aliona katika filamu kwamba mwenye nguvu humaliza shauri kwa kipigo. Jioni ile, kwa uchungu na nia njema, baba yake akamthibitishia. Wapo wanaotetea fimbo kwa kitabu cha Mithali. Wasiache kusoma pia waraka kwa Waefeso, unaowaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao.

Hatua zinazofaa ni za kawaida, nazo zinahitaji muda kuliko fedha. Mzazi akae na kijana atazame naye walau filamu moja kwa wiki, kisha amuulize anavyoona: yule aliyepigwa ameumia wapi, nani atamtunza, palikuwa na njia gani nyingine? Simu zilale nje ya chumba cha watoto, kwa kuwa usingizi mchache huongeza hasira. Wazazi wa mtaa wazungumze na mwenye kibanda kuhusu saa na aina ya filamu; naye ni jirani, na pengine ni mzazi.

Mtumishi wa afya anapoletewa kijana mgomvi, asiishie kuuliza kuhusu filamu. Aulize kwa faragha kama kijana huyo hupigwa, kama huona mama yake akipigwa, kama analala vizuri, kama ana mawazo ya kujidhuru. Kuumiza wengine mara kwa mara, kutesa wanyama, kujitenga au kushuka ghafla kwa masomo ni dalili zinazohitaji msaada wa kitaalamu. Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, hupokea taarifa za ukatili dhidi ya watoto.

Na yule mdogo asisahaulike. Kukaba shingo huweza kuzuia damu kufika kwenye ubongo na kumpoteza mtu fahamu katika sekunde chache, na uvimbe au jeraha la mshipa huweza kujitokeza baadaye hata kama shingo haina alama. Mtoto yeyote aliyekabwa hadi akalegea apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hasa akibadilika sauti, akipata shida ya kumeza au kupumua, au akiumwa kichwa. Katika nyumba ile kila mtu alishughulika na mkosaji, na hakuna aliyempeleka mdogo kupimwa. Wanajumuiya walipolisikia hilo, jibu lao la kwanza kwa mama halikuhusu runinga. Walimwambia amchukue mtoto waende kituoni, na amchukue na kaka yake, ili asikie mwenyewe daktari akieleza kinachotokea ndani ya shingo ya mtu anapokabwa.