Je, Wajua? Kumzuia mtoza kodi huitwa uasi

Hapa Bigo, kama katika kartie nyingine za Bunia, neno "uasi" halitamkwi ovyo. Hukumbusha bunduki, vijiji vilivyoteketezwa na jamaa wanaolala kambini. Hata hivyo, je, wajua kwamba mwenye duka anayemtishia ofisa wa kodi naye anaweza kushtakiwa kwa jina hilohilo? Kanuni ya Adhabu ya Kongo ya tarehe 30 Januari 1940, iliyotungwa na Wabelgiji na inayotumika hadi leo, inaliita kosa hilo rébellion. Kifungu cha 133 kinataja mtu anayemshambulia mtumishi wa serikali aliye kazini, au kumpinga kwa nguvu au kwa vitisho. Akifanya hivyo peke yake, kifungo chake hakizidi mwaka mmoja. Wakiwa wengi waliopatana kabla, kinaweza kufika miaka mitano.

Ushike vizuri maneno hayo: nguvu au vitisho. Kumwomba ofisa aonyeshe hati iliyomtuma, au kubishana naye kwa adabu juu ya kiasi anachodai, si uasi. Nasisitiza kwa sababu nimeona wauzaji wakitoa fedha haraka kwa kuogopa kwamba swali lenyewe ni kosa.

Sheria ya kodi ina wavu mpana zaidi. Sheria namba 004/2003 inahesabu kuwa makosa kuipinga kazi ya Idara ya Kodi, kumshambulia au kumtukana ofisa wake, na hata kuwachochea watu wakatae au wacheleweshe kulipa.

Je, wajua sheria hiyo ilitiwa saini lini? Tarehe 13 Machi 2003. Wiki moja tu kabla, tarehe 6 Machi, jeshi la Uganda lilikuwa limewafukuza wapiganaji wa kundi la UPC kutoka Bunia. Kinshasa ilikuwa ikiandika jinsi kodi itakavyotozwa nchini kote, wakati Ituri haikuwa mikononi mwake. Aliyesimama kwenye barieri akidai fedha alikuwa kijana mwenye bunduki, na kumkatalia kungeweza kugharimu maisha. Ndiyo maana mimi siwashangai wazee ambao mpaka leo wanashtuka wakisikia mlango unagongwa na mtu mwenye daftari.

Hofu hiyo haikupungua hali ya kuzingirwa (état de siège) ilipoanza Ituri na Kivu Kaskazini tarehe 6 Mei 2021: kesi za jinai za raia, zikiwamo za uasi wa namna hii, zilihamishiwa mahakama za kijeshi.

Mbali na hapa, kwa Wapende wa Kwango, mwaka 1931 hasira ya kodi na ya kazi za lazima katika mawese iliwaka moto, ikawa uasi wa kweli. Ofisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa, na wakoloni wakalipiza kwa kuua mamia ya watu. Mchongaji wa Kipende alichonga sanamu ya Balot kwa mti. Sanamu hiyo ni mali ya jumba la makumbusho la Virginia, Marekani, nayo ilirudi Kongo, huko Lusanga, kwa mkopo mwaka 2024.

Jina lingine la kodi, "ushuru", latokana na Kiarabu, likiwa na maana ya sehemu moja ya kumi. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliyeahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Kanuni ya 1940 nayo haikumsahau mtozaji. Kifungu cha 146 kinamhusu mtumishi wa serikali anayedai au kupokea kodi ambayo anajua haipaswi kulipwa, au inayozidi kiasi kinachopaswa. Kosa lake huitwa concussion, na kifungo chake ni miezi sita hadi miaka mitano. Kwa mwenye duka aliyemtishia ofisa akiwa peke yake, tumeona, mwisho ni mwaka mmoja.